Paka mukali ndani ya nyumba: dawa gani, na ya nani?



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, viatu vya kazi, ngazi na moto. Leo tutasema juu ya paka. Musicheke. Mukono ulioumwa na paka unaweza kuvimba usiku mumoja tu, na asubuhi hauwezi kushika nyundo wala usukani. Tena kuna jambo kubwa kushinda mukono, tutalifikia.

Tuchukue mufano. Fundi mumoja wa mashini anafanya kazi ya usiku. Anarudi nyumbani asubuhi, anakunywa chai, anaingia kulala. Nyumbani kuna paka dume wa miaka tatu, aliyeletwa juu ya panya waliokuwa wakitoboa magunia ya unga. Muda murefu paka huyu alikuwa mupole. Lakini tangu jamaa ilipohamia nyumba nyingine, anajificha chini ya kitanda, anakojoa juu ya nguo, na mara anaruka na kuuma bila mutu kujua sababu. Siku moja anamuuma mutoto wa miaka 6 kwenye mukono. Mama anapangusa damu kwa kitambaa, basi. Jioni anafikiri: paka huyu ana hasira nyingi, tumupe dawa ya kumutuliza. Ndani ya kabati anapata kidonge cha parasetamoli, kile baba anachokunywa kichwa kikimuuma. Anakivunja katikati, nusu anaificha ndani ya samaki. Paka anakula. Kesho yake uso wake umevimba, ufizi umekuwa na rangi ya chokolati, anapumua kwa shida. Siku ya pili amekufa. Baba anamuzika nyuma ya nyumba, na mambo yamekwisha.

Hapana, hayajakwisha. Hesabuni makosa. Kidonda hakikuoshwa namna inavyofaa. Mutoto hakupelekwa dispansere. Paka amepewa dawa ya watu, na dawa ile imemuua. Na sasa, nani atajua kama paka yule alikuwa na raje ao hapana?

KWANZA MUTU, NYUMA PAKA

Raje, ugonjwa ambao wengine wanauita kichaa cha imbwa, uko katika inchi yetu. Jina la imbwa linawadanganya watu. Ni kweli kwamba karibu watu wote wanaokufa kwa raje waliumwa na imbwa, lakini paka naye anaupata, na mate yake yanaupitisha. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba raje inaua watu karibu 59 000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na wengi ni watoto. Ugonjwa ukisha kuonekana kwa mutu, munganga hana tena la kufanya ila kumupunguzia maumivu. Lakini mbele ya kuonekana, unaweza kuzuiwa. Louis Pasteur alionyesha jambo hili huko Paris tarehe 6 Julai 1885, alipoanza kumukinga Joseph Meister, mutoto wa miaka 9 aliyeumwa na imbwa. Tangu siku ile njia haikubadilika: kukinga mapema, si kuponya nyuma.

Kwa hiyo, paka akiuma ao akikwaruza mpaka damu itoke, mambo ya hasira yake yangoje. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyofikiri; tazama saa. Usitie mafuta, majivu, udongo wala majani. Nyuma yake nenda dispansere siku ile ile, si kesho. Munganga ataamua kama sindano za raje zinaanza, na ataangalia pia sindano ya tetanosi.

Na paka? Usimuue. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, kwa sababu ya kasirani ao kwa sababu ya woga. Paka aliyeuma anafungiwa pahali pamoja, ndani ya chumba kidogo ao sanduku kubwa lenye matundu, anapewa maji na chakula bila kushikwa, na anaangaliwa siku 10. Kama raje ilikuwa katika mate yake siku alipouma, katika siku hizo ugonjwa utamuonyesha naye: hatakula, atayumba, mate yatamwagika, sauti itabadilika, miguu italegea, kisha atakufa. Kama nyuma ya siku 10 anakula na kutembea vizuri, munganga anaweza kukatisha sindano za mutu. Paka muzima ni kama shahidi. Ukimuua, umeua shahidi wako. Akikufa mwenyewe, usimuzike mbio na usimushike kwa mukono mutupu. Peleka habari kwa munganga wa wanyama, maana raje inaweza kutafutwa ndani ya ubongo.

Hata bila raje, meno ya paka si mambo ya kuchezea. Ni membamba sawa sindano. Yanaingia ndani sana, tundu la ngozi linafunga upesi, na vijidudu vinabaki chini. Kimoja kinachopatikana sana ndani ya kinywa cha paka kinaitwa Pasteurella, kwa heshima ya Pasteur yule yule. Katika saa 24 mukono unaweza kuwa mwekundu, wa moto, umevimba. Mufanyakazi aliyeumwa kwenye kiungo cha kidole ao juu ya mukano asingoje hata kama tundu linaonekana dogo. Tumezoea kuogopa kidonda kikubwa chenye damu nyingi. Kwa meno ya paka, kidonda kidogo ndicho cha kuogopa.

PAKA HAUMI BURE

Sasa turudi kwa paka mwenyewe. Watu wanasema: paka huyu ana roho mubaya. Paka hana roho mubaya. Paka anayebadilika ana maumivu, ao ana woga, ao amechokozwa. Kumupa dawa ya kutuliza mbele ya kujua ni lipi kati ya hayo, ni sawa kufunika taa nyekundu ya mashini kwa kitambaa na kuendelea na kazi.

Maumivu kwanza. Jino linalooza, usaha chini ya ngozi nyuma ya vita na paka mwingine, viungo vinavyouma kwa paka muzee: ukimushika hapo, anauma. Paka mwenye kupita miaka 10 anayekonda, anayekula sana na asiyetulia, anaweza kuwa na ugonjwa wa tezi ya shingo. Tena tuseme jambo moja kwa nguvu: paka dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na mukojo hautoki, njia yake imeziba. Huyo si mukali. Anaweza kufa katika siku mbili ao tatu, na anahitaji munganga wa wanyama saa ile ile.

Woga ni wa pili, na katika kartie zetu sababu hazikosekani. Paka ni mutumwa wa pahali pake. Anajua lupango lake kwa harufu kuliko anavyojua watu. Ukihama nyumba, umemunyanganya dunia yake yote siku moja. Magari makubwa, redio ya jirani, imbwa wa lupango la pili, mutoto muchanga aliyezaliwa, wageni wa matanga wanaolala sebuleni, watoto wanaomuvuta mukia: kila jambo linaongezeka juu ya lingine. Mutazame: masikio yanalala nyuma, mboni ya jicho inakuwa kubwa na nyeusi, mukia unapiga huku na huku, ngozi ya mugongo inatetemeka. Anakuambia acha. Mutoto hasomi alama hizo. Mukubwa anapaswa kusoma kwa ajili yake.

Kuna tena ukali wa kupotea njia. Paka anaona paka mwingine kupitia dirisha, hawezi kumufikia, damu yake inapanda. Wewe unapita, anakurukia wewe. Hakukukasirikia. Ulipita tu. Paka wa namna hii anaachwa peke yake ndani ya chumba chenye giza na kimya, saa nyingi ikihitajika. Usimuchukue mikononi kumubembeleza.

Na kwa mufanyakazi wa usiku, neno dogo. Paka kwa asili anaamuka sana asubuhi mapema na jioni. Wewe ukiingia kitandani asubuhi, yeye anaona miguu inayotikisika chini ya blanketi na anafikiri ni panya. Huo ni muchezo, si ugonjwa, na hauombi kidonge hata kimoja. Muchezeshe kwa kamba yenye kitambaa muda wa dakika 10, kisha mupe chakula, kisha funga mulango wa chumba. Asifundishwe tangu udogo kucheza na vidole vya watu; paka mudogo anayeuma vidole anachekesha, akikua hachekeshi tena.

Mengi yanatengenezwa bila dawa. Mupe pahali pa juu pa kulala, sawa rafu ao juu ya kabati, na sanduku la kujificha ambalo watoto wamekatazwa kugusa. Mupe sanduku la muchanga safi. Paka wawili wasiopatana wasile pahali pamoja. Paka dume aliyehasiwa na munganga wa wanyama, mara nyingi anapunguza vita na kunyunyiza mukojo ndani ya nyumba, na kazi hiyo inafanywa mara moja tu. Lakini kumupiga kunaongeza woga, na woga ndio uliomufanya aume. Sisi hatupendi pia ile desturi ya kumufunga kamba kwenye muguu wa meza ili asikimbie: paka asiyeweza kukimbia, silaha inayomubakia ni meno.

DAWA IKO

Kuna paka ambaye, hata nyuma ya hayo yote, anabaki na woga usiokwisha. Hakuli mbele ya watu, analamba tumbo lake mpaka manyoya yanakwisha, anashambulia kila siku. Kwa huyo dawa iko, na si aibu wala upuuzi kuitafuta. Watu wanadhani dawa ya namna hiyo ni ya kumulaza paka ili awe kama gunia. Siyo. Inatakiwa kupunguza woga mpaka paka aweze kujifunza tena kwamba nyumba ni salama. Paka anayelala muchana kutwa na kuyumba amepewa dawa nyingi ao dawa isiyomufaa.

Dawa inayotumiwa sana na waganga wa wanyama inaitwa fluoksetini. Ni dawa ya watu pia. Marekani iliruhusiwa mwaka 1987 kwa watu wenye huzuni nzito. Inafanya serotonini, ambayo ni mujumbe mumoja wa ubongo, ikae muda murefu zaidi ikifanya kazi yake. Haifanyi kazi siku ya kwanza. Inaomba majuma 4 mpaka 6 ya kumupa kila siku mbele ya kuhukumu kama inafaa. Katika majuma ya kwanza paka anaweza kukataa chakula ao kusinzia. Akikaa siku nzima bila kula, mujulishe munganga. Wala haikatishwi gafula siku unapoona amepona. Munganga anaipunguza pole pole. Klomipramini nayo inatumiwa namna hiyo hiyo.

Nyingine, gabapentini, ni ya saa chache. Inapewa saa 2 ao 3 mbele ya jambo linalomutisha paka, sawa safari ya kwenda kwa munganga, ili aweze kushikwa bila vita. Inamulegeza kidogo, kwa hiyo siku ile asipande juu ya ukuta.

Mutu atasema: kama fluoksetini ni dawa ya watu, nitanunua farmasi na kugawanya mwenyewe. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Kapsuli moja ya mutu ina miligramu 20. Paka wa kilo 4 anapewa na munganga miligramu 2 mpaka 4 kwa siku. Maana yake kapsuli moja ni sehemu ya siku 5 mpaka 10. Nani atagawanya unga ule kwa kisu juu ya sahani, sehemu 10 zilizo sawa? Hesabu hii tumeiweka hapa ili muone hatari, si ili mufanye kwenu. Na kama paka anapewa tayari dawa nyingine, hasa tramadoli ya maumivu, kuchanganya na fluoksetini kunaweza kumutetemesha na kumupandisha homa mpaka kufa.

DAWA ZINAZOMUUA

Ini la paka halifanyi kazi sawa ini letu. Limekosa uwezo wa kuvunja dawa fulani ambazo sisi tunazivunja katika saa chache. Parasetamoli ndiyo ya kwanza. Ndani ya mwili wa paka inaharibu damu isibebe tena hewa; ndiyo sababu ufizi wa paka wa mufano wetu ulikuwa wa rangi ya chokolati. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, na nusu pia. Paka akikula kwa bahati mubaya, dawa ya kupinga sumu iko kwa munganga, lakini inaomba kufika mapema, mbele ya kuona uso umevimba. Ibuprofeni inaharibu figo zake. Aspirini inakaa siku nyingi ndani ya damu yake, na vidonge vya kila siku vinarundikana.

Diazepamu, ile watu wengi wanaijua kwa jina la Valium, ni mutego mwingine, kwa sababu kwa watu kweli inatuliza. Mwaka 1996 waganga wa wanyama wa Marekani waliandika habari za paka 11 waliopewa vidonge hivyo na ini likaharibika, wengi walikufa. Tena paka muoga akipewa diazepamu, woga uliokuwa unamuzuia unaweza kuondoka, na yeye aliyekuwa akikimbia sasa anashambulia. Munganga anaweza kuitumia kwa sindano kwa jambo lingine. Hiyo ni kazi yake. Wewe, hapana.

Tuongeze moja isiyo ya hasira, lakini inafanya paka atetemeke na kuruka hata watu waseme ana kichaa: dawa ya viroboto ya imbwa yenye permetrini. Kwa imbwa ni nzuri. Kwa paka ni sumu. Pombe vilevile si dawa ya kumutuliza nyama yeyote.

KABATI LA DAWA

Dawa ya paka ikiingia nyumbani, inaandikwa jina lake na inawekwa juu, pahali mutoto hafiki, mbali na dawa za watu. Baba asiijaribu ili apate usingizi muchana nyuma ya kazi ya usiku. Gabapentini inaleta usingizi na kizunguzungu, na dereva wa gari kubwa aliyemeza dawa ya paka wake hatakuwa na neno la kueleza siku ya ajali.

Kumumezesha paka kidonge ni kazi ya watu wawili. Mumoja anamufunga ndani ya kitambaa kinene, kichwa inje; wa pili anaweka kidonge nyuma kabisa juu ya ulimi, kisha anamupa maji kidogo kwa sirinji bila sindano, ama kijiko cha mchuzi wa samaki, maana kidonge kikavu kinaweza kubaki katika koo na kuchoma. Kama anapigana sana, acheni. Muulize munganga kama inaweza kutengenezwa ya maji ao kufichwa ndani ya chakula. Hakuna dawa ya kutuliza inayostahili kidole kilichoumwa.

Mahali pa kuuliza pako. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina fakulte ya waganga wa wanyama, na ofisi za serikali za mifugo zina watu waliofundishwa kazi hiyo. Mukienda, pelekeni paka ndani ya sanduku ao kikapu kilichofunikwa, si mikononi, na mueleze bila kuficha: alianza lini, aliuma nani, nini kilibadilika nyumbani, na alipewa nini. Ulizeni siku ile ile chanjo ya raje. Paka anaweza kuipata tangu umri wa miezi 3, inarudiwa nyuma ya mwaka, kisha kwa wakati munganga anaoandika kwenye karatasi. Karatasi ile itunzwe pamoja na vitabulisho vya watu wa nyumba, maana siku paka atakapouma ndiyo ya kwanza itakayoulizwa.

Na yule mutoto wa miaka 6? Siku ya nne jirani, ambaye ni infirmie, aliona alama za meno kwenye mukono wake, akauliza, akasikia habari yote, na akampeleka mwenyewe dispansere pamoja na mama. Sindano zilianza siku ile. Infirmie wa zamu aliuliza: paka yuko wapi tumuangalie? Paka alikuwa ndani ya udongo tangu siku mbili. Kwa hiyo mutoto alipaswa kupigwa sindano zote mpaka ya mwisho, na kila siku ya sindano baba alitoka kazini usiku na kwenda moja kwa moja kupanga mustari naye, bila kulala.